Alama 69: mtoto wa Pemba aliyepimwa akili kabla ya kupimwa masikio

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya walimu, wazazi na wahudumu wa afya wanaoletewa ripoti ya kipimo cha akili cha mtoto na kutakiwa waamue jambo. Jina la mtoto, kijiji, skuli na kila kinachoweza kumtambulisha vimeondolewa au kubadilishwa. Wazazi wameridhia kiandikwe. Mama aliomba jambo moja tu, kwamba lile la masikio lisije likaachwa.

## Usuli

Tumwite Faki. Ni mtoto wa kiume, wa nne kati ya ndugu sita, katika kijiji cha pwani kaskazini mwa Pemba. Baba ni mvuvi, mama analima mwani. Wakati mambo haya yanaanza alikuwa darasa la tatu, akilirudia. Darasa lilijaa watoto, na Faki akikaa nyuma kabisa karibu na dirisha.

Lalamiko la mwalimu lilikuwa kwamba hafuati maagizo. Likisemwa "fungueni ukurasa wa kumi na mbili", humtazama jirani yake kwanza ndipo naye afungue. Imla alikuwa akipata sifuri au moja. Siku moja aliulizwa swali akajibu jambo jengine kabisa, darasa zima likacheka, na tangu hapo hakunyanyua tena mkono. Hesabu zilizoandikwa ubaoni alikuwa akizifanya. Hili mwalimu alilitaja kwa kupitia tu, kama jambo lisilo na uzito.

Chuoni nako maalim wake alimwita mzito. Sura fupi ambazo wenzake walizihifadhi kwa kumfuatisha maalim kwa sauti, yeye alizishika nusu nusu. Lakini dada yake akimsomesha peke yake usiku, wamekaa uso kwa uso, aya ilikuwa ikikaa.

Kulikuwa na jambo jengine ambalo lilituzuia kuwa na haraka ya kufurahi baadaye. Bibi yake alieleza kwamba Faki akiwa na umri wa mwaka na nusu hivi alipata homa kali, akashikwa na dege, akalazwa. Malaria ya kichwani huweza kumwachia mtoto udhaifu wa lugha na wa kumbukumbu kwa miaka mingi. Kwa hiyo dhana ya kwamba ubongo wake uliumia haikuwa ya kupuuzwa.

## Kipimo cha kwanza

Mtaalamu mmoja aliyekuwa amepita kisiwani kwa shughuli zake alikubali ombi la skuli kuwapima watoto wachache. Alitumia kipimo cha ukoo wa vile vya David Wechsler, ambavyo toleo la kwanza la watoto lilitoka Marekani mwaka 1949. Si kipimo cha kubezwa. Mtoto hupimwa peke yake, kwa zaidi ya saa nzima, kwa kazi za namna mbalimbali: kueleza maana za maneno, kupanga vipande vilingane na mchoro, kutafuta kanuni iliyojificha katika safu ya maumbo, kurudia tarakimu alizosomewa, kunakili alama kwa haraka.

Wazo lenyewe ni la tangu 1905. Mwaka huo, Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitoa maswali yao ya kuwatambua watoto wasiofaidika na masomo ya kawaida, ili wasaidiwe. Binet alipinga waziwazi fikra kwamba akili ya mtoto ni kiasi kilichowekwa na kisichoongezeka. William Stern wa Ujerumani ndiye aliyependekeza mwaka 1912 kwamba umri wa akili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, na hapo ndipo ilipotoka IQ, yaani namba ya kiwango cha akili. Siku hizi mgawanyo huo haufanywi. Mtoto hulinganishwa na watoto wa umri wake waliokwisha kupimwa, wastani ukiwekwa kuwa 100. Katika kila watoto 100, wapatao 68 huangukia kati ya 85 na 115, na kama wawili tu huwa chini ya 70.

Swali la kujiuliza ni hao waliokwisha kupimwa walikuwa watoto wa nani. Katika karatasi za Faki walikuwa watoto wa nchi ya mbali, waliolelewa kwa Kiingereza, na kipimo kile hakikuwa na viwango vya kulinganishia vya watoto wa Zanzibar.

Upimaji ulifanyika katika ofisi ya skuli, mlango wazi, wakati wa mapumziko, watoto wakipiga kelele uwanjani. Mpimaji alisoma maagizo kwa Kiingereza moyoni, akayatamka kwa Kiswahili papo hapo. Alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini, na mara nyingi macho yake yalikuwa kwenye kitabu cha maagizo badala ya kumtazama mtoto. Mwalimu aliyekuwepo alikumbuka kwamba Faki alisema "naam?" mara nyingi. Hilo halikuandikwa popote katika ripoti.

Ripoti ilikuja ikiwa na namba moja kubwa katika ukurasa wa mbele: 69. Chini yake kulikuwa na pendekezo kwamba mtoto ahamishiwe darasa la elimu maalumu katika skuli nyengine, mbali na nyumbani, akae kwa shangazi yake.

Baba aliitwa. Akaelezwa mlangoni pa ofisi, Faki akiwa amesimama ubavuni pake: "Mtoto wenu amepimwa, akili yake haifiki sabini." Jioni ile kijiji kizima kilikuwa na habari. Wenzake wakampa jina la Hafiki.

Baba alinyamaza. Mama hakunyamaza. Alikuja kwetu na mtandio wake ungali na chumvi ya mwani, akakaa, akasema: "Mwalimu, mimi mwanangu namtuma dukani vitu vitatu, nampa noti ya elfu tano, ananirejeshea chenji yangu haipungui hata mia. Wanasemaje hana akili?" Tukamwuliza huwa anamtuma vipi. Akaeleza kwamba humshika bega kwanza, amtazame, ndipo amwambie. Alifanya hivyo bila kujua kwa nini. Alikuwa amezoea tu kwamba ukimwita Faki kwa nyuma haitiki.

## Tulichokiona kwenye karatasi

Tulikuwa watatu: mimi, ambaye ni mwalimu wa elimu mjumuisho; muuguzi wa kituo cha afya; na mwanasaikolojia aliyeko Unguja, ambaye tulimpelekea karatasi na kushauriana naye kwa simu. Kazi ya kwanza ilikuwa kufungua kurasa za ndani za ripoti, ambazo skulini hakuna aliyezifikia.

Kipimo hiki hutoa alama katika nyanja tano. Ufahamu wa maneno, Faki alipata 62. Kuona maumbo na nafasi zake, 89. Kufikiri kwa kutafuta kanuni, 85. Kumbukumbu ya kufanyia kazi, 74. Kasi ya kazi, 75. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna pointi 27. Mtoto mwenye 89 katika maumbo hayuko mbali na wenzake, na mwenye 62 katika maneno yuko mbali sana. Ile 69 haikumweleza mtoto wa kwanza wala wa pili.

Halafu ndani ya kumbukumbu mlikuwa na jambo lililotushikilia kuliko yote. Nyanja hii hupimwa kwa kazi mbili, kila moja ikitolewa alama kuanzia 1 hadi 19, na 10 ndiyo ya kati. Katika ya kwanza mpimaji husoma tarakimu na mtoto huzirudia, kisha huzirudia kinyumenyume, kisha huzipanga kwa ukubwa. Faki alipata 3. Katika ya pili mtoto huonyeshwa picha, zikaondolewa, kisha akazitafuta kati ya nyengine kwa mpangilio uleule. Faki alipata 8. Kazi zote mbili humtaka mtoto ashike kitu kichwani kwa muda mfupi. Tofauti kubwa kati yao ni mlango: moja hupita sikioni, nyengine hupita jichoni.

Mwanasaikolojia akatukumbusha jambo ambalo wasomaji wengi wa ripoti hizi hawalijui. Katika toleo lile, alama ya jumla huundwa kutokana na kazi saba tu kati ya zile zinazofanywa. Tarakimu zimo ndani ya hizo saba. Picha hazimo. Kwa hiyo kazi iliyomwangusha ilihesabiwa na ile aliyoiweza haikuhesabiwa.

Tukaangalia na umri. Daftari la skuli lilimwandika miaka 10 na miezi 9. Cheti cha kuzaliwa, ambacho mama alikuja nacho kimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, kilionyesha miaka 9 na miezi 11. Kumlinganisha mtoto na waliomzidi karibu mwaka mzima ni kumpunguzia alama bila sababu. Ilipohesabiwa upya kwa umri wa cheti, 69 ikawa 73. Na hata 73 si nukta. Kila alama ya namna hii huja na ukanda wa makosa ya kipimo, pointi tano au sita kila upande. Uamuzi wa kumhamisha mtoto ulikuwa umejengwa juu ya mstari wa 70 ambao yeye mwenyewe alikuwa pande zake zote mbili.

## Daftari la imla na sikio

Kabla ya kwenda kwenye kipimo chengine niliomba daftari lake la imla. Yeyote anayesomesha darasa la chini angepaswa kuliangalia daftari kama hili kwa utulivu, kwa sababu makosa yana mpango wake. Palipotakiwa "pita" aliandika "pika". Palipotakiwa "fika" aliandika "sika". "Pasa" ikawa "pata". Irabu zilikuwa sawa karibu zote, na idadi ya silabi ilikuwa sawa. Kilichopotea ni konsonanti zisizo na nguvu ya sauti, t, k, s na f, ambazo mtu aliye mbali au mwenye sikio dhaifu huzikosa mwanzo.

Muuguzi akamfanyia jaribio la mnong'ono. Unasimama nyuma ya mtoto, urefu wa mkono, asikuone mdomo. Sikio moja linazibwa kwa kidole, unanong'ona tarakimu na herufi, naye anarudia. Sikio la kulia alikamata chache. La kushoto hakukamata kitu, akawa anageuka kutafuta uso.

Alipomulika ndani ya la kushoto alikuta usaha, na ulipofutwa, tundu katika kiwambo cha sikio.

"Mama Faki, sikio hili lina muda gani?"

"Tokea anatambaa, dokta. Linatoka, linaacha, linarudi."

Mama hakuficha kitu. Hakuna aliyemwuliza, wala yeye hakuona kuwa ni jambo la kusema skulini, kwani kijijini watoto wengi masikio huwatoka na baadaye wakakua. Baadaye alipimwa hospitali kwa mashine ya usikivu: kushoto hakusikia mpaka sauti ifike kama desibeli 45, kulia 30. Maongezi ya kawaida kwa umbali wa mita moja huwa kama desibeli 60. Ukikaa nae chumba kimya, unamtazama, mnaelewana vizuri. Ukisimama ubaoni umempa mgongo, na kati yenu kuna watoto wengi na dirisha lililo wazi, anapata irabu na anabahatisha mengine.

Mtoto aliyesikia hivyo tangu utotoni hujifunza maneno machache kuliko wenzake. Alama 62 ya maneno ilikuwa na ukweli ndani yake, kwamba msamiati wa Faki ni mdogo kweli. Kosa lilikuwa kuuita ukweli huo upungufu wa akili.

## Kumpima kwa njia nyengine

Hatukurudia kipimo kilekile. Mtoto aliyeyaona maswali karibuni hufanya vizuri zaidi kwa kuyazoea tu, na kasoro za mwanzo zingebaki zilezile. Tulifanya mambo matatu.

La kwanza ni kumtazama anavyoishi. Ili mtoto asemwe ana ulemavu wa akili, alama ya chini haitoshi. Lazima pia ashindwe kwa kiasi kikubwa na mambo ya maisha ya kila siku yanayotarajiwa kwa umri wake, katika fikra na masomo, katika kuishi na watu, na katika kujihudumia, na hali hiyo iwe imeanza utotoni. Toleo la mwaka 2013 la mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, linataka hata ukali wa hali upimwe kwa maisha ya mtu badala ya namba ya IQ. Tukakaa na mama kwa maswali marefu, kisha tukaenda pwani.

Pwani Faki alikuwa akimsaidia ami yake. Alijua bamvua limeingia lini na lini maji yatakuwa mafu, akajua kwa hesabu hiyo siku zipi pweza watafuatwa mwambani na siku zipi hapana haja ya kutoka. Alipanga samaki kwa mafungu, akataja bei ya kila fungu, akakubali kupunguziwa mpaka mahali fulani na hapo akakataa. Mnunuzi mmoja alimwita kwa nyuma, hakugeuka. Yule mtu akamgusa. Kwa kujihudumia na kuishi na watu hakuwa na upungufu wa kuutilia shaka. Kusoma alikuwa nyuma sana, na saa ya mishale hakuijua.

La pili ni kuzungumza naye kwa lahaja ya nyumbani, chumbani, uso kwa uso. Maswali ya kipimo halisi hayafai kuchapishwa, kwa hiyo nitoe mfano wangu. Mwulize mtoto embe na chungwa vinafanana wapi. Akisema "vina maganda" au "vinauzwa sokoni", anapata alama ndogo. Akisema "ni matunda", anapata kamili. Faki alijibu kwa namna ya kwanza karibu kila mara. Tulipomwonyesha mara mbili tu kwamba tunataka jina la kundi, alianza kutoa majina ya makundi, na pale alipokwama alikosa neno, hakukosa wazo.

La tatu lilikuwa la michoro isiyo na maneno. Tulitumia michoro ya rangi ya aina aliyoiasisi John Raven, Mwingereza, yenye maswali 36 ambamo mtoto huchagua kipande kinachokosekana. Mwanzo alipata 17. Kisha tukakaa naye, tukamfundisha kwa mifano mengine kupita kwanza kwa mlalo, kisha kwa wima, na kusema kwa kidole nini kinabadilika. Tukarudi kwenye michoro, akapata 25. Sehemu ya ongezeko hilo ni mazoea, hilo halina ubishi. Lakini aina ya makosa nayo ilibadilika. Mwanzo alikuwa akichagua kipande kinachofanana na jirani wa pengo. Baadaye alikuwa akichagua kwa kanuni, hata alipokosea.

Njia hii ya kupima, kufundisha kidogo na kupima tena, haikuanzia kwetu. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao waliifanya kwa watoto wa skuli za vijijini huko Bagamoyo, ng'ambo tu ya bahari, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Watoto walipofundishwa kwa muda usiofika saa moja, alama zao zilipanda. Kipimo cha mara moja kilikuwa kimewaficha watoto walio tayari kujifunza.

Pia hatukuliacha lile la dege, wala la damu. Alipimwa choo, mkojo na damu. Kichocho hakikuonekana; minyoo ilikuwepo, na damu yake (himoglobini) ilikuwa gramu 10.4 kwa desilita, chini ya 11.5 inayotakiwa kwa umri wake. Hapa Pemba hili si jambo la pembeni. Utafiti uliofanyika kisiwani kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, ukachapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba waliopewa madini ya chuma walipiga hatua zaidi katika lugha, na wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu wakapiga hatua katika mwendo pia. Faki alikuwa amekwisha kuvuka umri huo, lakini mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka haraka mezani, na alama 75 ya kasi ilihitaji kusomwa hivyo.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza: asihamishwe. Hapa mwalimu mkuu alikuwa na hoja yenye nguvu, na nataka ielezwe kwa haki. Darasa lake limefurika, na darasa la elimu maalumu lina watoto wachache na mwalimu aliyesomea. Alisema, "Mimi namtakia mema. Hapa atapotea." Tulikubali kwamba angeweza kupotea. Lakini lile darasa lilikuwa la watoto wenye ulemavu wa akili, masomo yake ya hesabu yalikuwa chini ya uwezo wa Faki, na safari yenyewe ingemtenga na dada yake, mtu pekee aliyekuwa akimsomesha kwa namna inayoingia. Tukakubaliana abaki, na hali iangaliwe kila muhula.

Wa pili: sikio kwanza. Kulikausha kwa utambi wa kitambaa safi mara kadhaa kwa siku, kutia dawa ya matone, na kutopiga mbizi. Hili la mwisho lilizusha mgogoro nyumbani, kwa kuwa ami yake alikuwa akimtegemea. Muuguzi alikwenda mwenyewe kuzungumza naye. Wakapatana kwamba Faki atabaki kwenye kuuza na kupanga, na akienda kuoga baharini ataziba sikio kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando.

Wa tatu: akae mbele upande wa kushoto wa darasa, sikio lake la kulia liwaelekee wenzake na ubao. Mwalimu aandike agizo ubaoni baada ya kulisema, asiseme akiwa ameupa uso ubao, na mara mbili kwa wiki Faki asomeshwe sauti za herufi peke yake.

Wa nne ulihusu ripoti, na tulibishana. Mimi nilitaka namba ya jumla iondolewe kabisa. Mwanasaikolojia alipinga: alama ya jumla ina manufaa yake katika kubashiri maendeleo ya skuli hata nyanja zinapotofautiana, na kuificha ni kumnyima msomaji habari. Tukaafikiana kuandika nyanja zote tano na maelezo ya namna kila moja ilivyopatikana, kisha jumla ndani kabisa, ikiwa na ukanda wake wa makosa na kauli ya wazi kwamba isitumiwe kumpangia darasa.

## Matokeo

Baada ya mwaka mmoja sikio lilikuwa limekauka, likatoka tena wakati wa masika, likakauka tena. Tundu bado lipo. Damu ilipanda. Imla alifikia sita katika kumi. Hesabu aliingia nusu ya juu ya darasa, na hili lilimrejeshea baba yake sauti; alikuja skulini mwenyewe kuuliza alama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kusoma bado ni polepole. Akisimulia hadithi aliyosomewa, husimulia kwa sentensi fupi na huruka sehemu.

Kati kati ya mwaka mwalimu wa darasa alihamishwa. Aliyekuja hakuambiwa kitu, akapanga watoto kwa urefu, na Faki akarudi nyuma karibu na dirisha kwa sehemu kubwa ya muhula. Tuligundua kwa imla, ambayo ilirudi kuwa mbili na tatu.

Jina la Hafiki halijafutika.

## Uchambuzi

Kilichofaa ni kwamba kipimo kilisomwa vipande vipande. Watu wengi wakisikia kisa hiki husema vipimo vya akili havina maana kwetu. Sikubaliani. Ile 3 na ile 8 zilitoka ndani ya kipimo hichohicho, na bila ya hizo tungechelewa kufika kwenye sikio. Chombo kilikuwa na habari. Waliokisoma waliishia ukurasa wa mbele. Kilichofaa pia ni vitu viwili visivyogharimu: daftari la imla, na mama kuulizwa humtuma vipi mwanawe.

Kilichoharibika zaidi ni utaratibu. Masikio na macho hutangulia kipimo chochote cha akili, na jaribio la mnong'ono halihitaji mashine wala mtaalamu kutoka nje. Umri huthibitishwa kwa cheti. Maagizo hutafsiriwa na kujaribiwa kabla, hayatamkwi papo hapo na mtu aliyeinamia kitabu. Masikio, macho na cheti ni mambo ya asubuhi moja, na yangeweza kufanywa na skuli yoyote ya Pemba.

Kufasiri maswali nako kulichukuliwa kirahisi. Neno likihama lugha, ugumu wake hubadilika: neno la kila siku katika Kiingereza huweza kuwa la kitabuni katika Kiswahili, na maswali yaliyopangwa kutoka rahisi kwenda magumu hupoteza mpango wake. Kipimo husimamishwa mtoto akikosa mfululizo wa maswali kadhaa, kwa hiyo maswali magumu yaliyosogea mbele kwa bahati mbaya huweza kumfungia mlango wa yale ambayo angeyaweza. Na viwango vya kulinganishia navyo hubadilika. Huko Embu, Kenya, watoto wa vijijini waliopimwa kwa michoro ya Raven mwaka 1998 walipata alama za juu kwa kiasi kikubwa kuliko wenzao wa 1984, katika eneo lilelile, ndani ya miaka 14. Watafiti walilihusisha ongezeko hilo na lishe bora, elimu ya wazazi na mabadiliko ya familia.

Kosa la tatu ni safari ya namba. Ilitoka ofisini mdomoni, mbele ya mtoto, bila ya maelezo, na hakuna marekebisho yetu yaliyosafiri kwa kasi ile. Ripoti ya namna hii ni siri ya mtoto kama cheti cha hospitali, na mzazi huelezwa akiwa amekaa, mlango umefungwa, mtoto hayupo.

Lile la dege tumeliacha wazi katika faili. Alama za maumbo na kufikiri hazifanani na za mtoto aliyeumia ubongo wote, lakini udhaifu wa lugha unaobaki baada ya sikio kukauka huenda una sehemu yake humo. Ndiyo maana masomo ya peke yake yanaendelea hata sasa anaposikia vizuri zaidi, na karatasi ya maelekezo ya kumkalisha Faki imebandikwa ndani ya jalada la daftari la mahudhurio, mahali ambapo mwalimu mgeni atalazimika kulifungua kila asubuhi. Rufaa ya kuziba tundu la sikio imeandikwa, na mama amepewa nakala yake.